Sifuri Kati ya Kumi na Mbili

3 Februari

Mkuu wa kitivo amenipa daftari hili jipya. Anataka niandike kila siku nimefanya nini kwa ajili ya "mwanafunzi wetu asiyeona" na kwa saa ngapi, kisha mwisho wa muhula nilirudishe, liambatishwe kwenye ripoti inayokwenda kwa makamu mkuu wa chuo. Alivyotamka "wetu" ungedhani kamzaa yeye. Haya. Miaka ishirini na sita nimekuwa fundi wa maabara ya kemia, nimeosha vyombo vya wahadhiri waliokuja wakaondoka, leo nimekuwa Kitengo cha Mahitaji Maalumu. Kitengo kizima ni mimi, meza moja, na chumba kilichokuwa stoo ya viti vibovu. Viti bado vimo.

Saa tatu. Mbili ni za kuhamisha viti.

4 Februari

Mwanafunzi mwenyewe kaja. Nilitegemea mtoto mnyonge wa kushikwa mkono. Kumbe! Kaingia na fimbo yake, kagonga miguu ya viti mmoja mmoja mpaka akafika mezani, akauliza, "Mama, hiki ni kitengo au ni mnada?" Nikacheka mpaka nikakohoa.

Ni binti wa miaka ishirini, mwembamba, vidole havitulii. Anataka kutengeneza dawa. Nilimsomea barua yake ya kupokelewa, maana wamempa iliyochapwa kwa wino, akili hizo. Inasema asipopata alama hamsini katika mtihani wa kemia mwisho wa muhula, atahamishiwa kitivo cha historia na fasihi "kwa manufaa yake". Wenzake wanaoona wakianguka wanarudia. Yeye harudii.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Mimi ni wa majaribio, mama."

Saa moja na nusu.

5 Februari

Nimekwenda kwa mhadhiri wa somo kumwomba maelezo na picha zake mapema, ili nizitoe kwa nukta nundu kabla ya kipindi. "Nitakutumia kesho," akasema.

6 Februari

Hajatuma.

7 Februari

Hajatuma. Kuanzia leo humu daftarini anaitwa Bwana Kesho.

10 Februari

Kazi yenyewe ni hivi, niiandike ili wasiseme nalala. Natandika mpira mezani, juu yake karatasi nene, juu yake picha ya Bwana Kesho. Kisha napitisha kigurudumu cha meno juu ya kila mstari, nikikandamiza. Kigurudumu ni cha dada yangu ninayeishi naye. Yeye ni fundi cherehani, anakitumia kuhamishia alama za mshono kwenye kitambaa. Vinundu vinajitokeza upande wa pili wa karatasi. Naigeuza, Binti anaisoma kwa vidole.

Herufi ni kazi nyingine. Unazitoboa kwa sindano kutokea mgongoni mwa karatasi, kulia kwenda kushoto, kila herufi ukiipindua, ili ukigeuza karatasi zisomeke sawasawa. Hilo nilifundishwa kwenye semina ya wiki mbili. Picha hakuna aliyenifundisha. Nimejifunza kwa kuharibu karatasi.

Saa sita. Kidole gumba kimevimba.

14 Februari

Leo Binti kapapasa grafu, kakunja uso. "Mama, hivi chumvi ukiipasha moto inakataa kuyeyuka?" Naangalia, loo, mstari unaopanda umetoka unashuka! Nimeukandamiza kutokea nyuma, basi kushoto kumekuwa kulia. Tumecheka. Sasa kila grafu naibandika kwanza kwenye kioo cha dirisha, naichora kinyume kwa penseli, ndipo nashika kigurudumu. Dakika kumi zaidi kwa kila moja.

24 Februari

Bwana Kesho katuma picha arobaini za molekuli saa moja asubuhi, kipindi saa tatu. Nimemkimbilia mlangoni kwake na karatasi mkononi: nazo nizigeuze kwanza kama grafu? Hakuinua hata macho kwenye simu. "Molekuli haina kushoto wala kulia. Iweke utakavyo, ni ileile."

Nikamshukuru! Nikaachana na kioo cha dirisha, nikakandamiza kama mwendawazimu, nikapata thelathini na moja. Binti kakaa mstari wa mbele, vidole vinatembea, mara kanyoosha mkono kujibu kabla ya watu wenye macho yao. Niliona fahari, sitaficha.

27 Februari

Kabatini kwa Bwana Kesho kuna sanduku la vipira na vijiti vya kuundia molekuli, mtu akazishika mkononi nzima nzima. Nimeliomba. Anasema vipira vinapotea, atalitoa kesho.

3 Machi

Mvua. Umeme hakuna. Saa nne.

4 Machi

Mvua. Karatasi zimenyonya unyevu, vinundu vinalala. Nimezianika juu ya viti vibovu. Angalau vimepata kazi.

11 Machi

Sanduku: kesho.

20 Machi

Jaribio la katikati ya muhula. Binti kapata sabini na moja! Wastani wa darasa ni hamsini na nane. Nimempelekea Bwana Kesho habari kwa mbwembwe zangu zote, naye kaniuliza, "Nani alimsaidia?" Nikamwambia amemsaidia mamake kwa kumzaa na akili. Ulimi wangu huu utaniponza, na mkataba wangu unaisha Juni.

7 Aprili

Sura ngumu imeanza. Nimekaa pembeni mwa Binti nikasikiliza, na nimeielewa hivi: ziko molekuli zilizo kama jozi ya viatu. Vitu ni vilevile, vimeungana vilevile, ila moja ni ya kulia na nyingine ni ya kushoto. Dawa ya upande mmoja inaponya, ya upande wa pili pengine haifanyi kitu au inadhuru. Mwanafunzi anapewa picha, anapanga matawi yake kwa uzito, anafuata kwa kidole tawi la kwanza, la pili, la tatu. Kidole kikizunguka kama mshale wa saa, ni ya kulia. Kikizunguka kinyume, ni ya kushoto.

Binti kafurahi kama kapewa zawadi. "Hii ndiyo dawa yenyewe, mama. Hapa ndipo mtu anapona au haponi."

Picha ishirini na mbili. Saa saba.

9 Aprili

Bwana Kesho kauliza darasani, picha ya tatu ni ya upande gani? Binti kanyoosha mkono: kulia. "Kushoto," akasema. Ya nne? Binti tena: kushoto. "Kulia. Binti, pumzika waachie wenzako." Mtu nyuma akasema eti hata fimbo yake haijui upande. Darasa likaangua kicheko. Binti naye kacheka, kicheko kikavu, akakunja karatasi zake. Niliwatolea macho wale vijana mpaka wakainama.

14 Aprili

Leo nimefanya jambo ambalo halijanikaa vizuri, lakini nimeambiwa niandike kila kitu.

Nilipata majibu ya Bwana Kesho ya maswali ya mazoezi, nikasema tukae sisi wawili, nimuulize moja moja. La kwanza, kinyume. La pili, kinyume. Tukaenda hivyo mpaka la saba. Anapanga matawi sawasawa, ananieleza kanuni bila kukosea neno, kisha mwisho anasema kulia nami naona limeandikwa kushoto. Nilikuwa nimechoka, mgongo unaniuma, kidole kimetoka lengelenge. Nikamwambia, "Hebu nionyeshe mkono wako wa kulia." Akabaki na kidole kwenye picha. "Nionyeshe!" Akauinua. "Na wa kushoto?" Akauinua na huo. Kakaa hivyo mikono juu kama mtu aliyekamatwa.

"Sasa kama unaijua, unachanganya nini?"

"Mama, kila mara ni kinyume," akasema. "Siyo mara moja moja. Ni kila mara. Huoni ajabu?"

"Ajabu ni ubishi wako."

Akafikiri kidogo. "Basi niwe nasema kinyume cha ninachokipata?"

Hapo ndipo nilipowaka. Nikamwambia hatujakaa hapa muhula mzima nikikatika vidole ili yeye aje kubahatisha. Sayansi haina bahati nasibu. Afuate kanuni, aandike anachokipata, asitafute njia za mkato kama wale wanaomcheka. Akasema, "Sawa, mama." Akachukua fimbo, akaenda.

Saa mbili.

15 Aprili

Hakuja.

16 Aprili

Kaja. Kaniomba msamaha, akasema amerudia zote toka mwanzo, na atafuata kanuni. Nikamwambia yamekwisha. Nilijiona nina roho nzuri.

22 Aprili

Sanduku la vipira: Bwana Kesho kasema litatoka baada ya mtihani, sasa ana shughuli.

5 Mei

Mtihani. Niliitwa ofisi ya mitihani saa moja, nikafungiwa na karatasi ya maswali nitoe picha kwa vinundu, nakala mbili kama kawaida, moja ya mtahiniwa na moja ya akiba. Sehemu ya kwanza maelezo na hesabu, alama sitini na nne. Sehemu ya pili picha kumi na mbili za kulia au kushoto, alama tatu kila moja. Binti kaandika kwa kibao chake na sindano, tik tik tik, saa tatu na nusu bila kuinua kichwa. Alipotoka jasho linamtiririka. "Nimefuata kanuni, mama. Zote."

19 Mei

Arobaini na nne. Kaanguka.

Sehemu ya kwanza kapata alama arobaini na nne kati ya sitini na nne. Sehemu ya pili hakuna kitu. Bwana Kesho kanionyesha karatasi mwenyewe, misalaba kumi na miwili myekundu. "Sehemu hii kabahatisha tu," akasema. "Unaona? Sifuri kati ya kumi na mbili. Watu wengine sayansi si yao, tuwe wakweli." Nilimkuta Binti nje ya stoo, ameegemea ukuta, tayari wamemwambia. Nikamshika bega, akaniondoa mkono taratibu tu.

20 Mei

Mungu nisamehe.

Nilirudi nyumbani nikamkuta dada anakata koti, nikamweleza huku nalia. Ananisikiliza, mkasi unakwenda. Kisha mkasi ukasimama.

"Kila swali lina majibu mangapi?"

"Mawili. Kulia au kushoto."

"Na kakosa yote kumi na mawili?"

"Yote."

"Hiyo siyo kubahatisha. Mimi sijui hata kemia inaliwa au inavaliwa, lakini nikifumba macho nikadokoa nitapata matano, sita. Kukosa yote lazima uwe unajua." Akaweka mkasi chini. "Hebu nionyeshe unavyofanya na kigurudumu changu."

Nikaweka pembeni ile nakala ya akiba ya mtihani, nikatandaza karatasi tupu, nikaweka picha juu yake, nikaanza kukandamiza. Akanishika mkono.

"Huo si upande wa ndani? Ukihamisha alama upande wa ndani bila kugeuza ruwaza, ile karatasi ya kukatia, mkono wa kulia unatoka wa kushoto. Unakumbuka lile koti la bwana harusi? Nilimkatia mikono miwili ya kushoto kwa upuuzi huohuo."

"Grafu nazigeuza," nikasema.

"Na hizi?"

Niliangalia ile nakala ya akiba. Herufi nilizipindua, kwa sababu nilifundishwa, ndiyo maana zilisomeka vizuri na hakuna aliyeshtuka. Picha sikuzipindua. Kila molekuli niliyompa yule mtoto tangu Februari ilikuwa imegeuka. Za mwanzo hazikuwa na pande, hazikudhuru. Hizi za mwisho pande ndiyo swali lenyewe. Kila ya kulia nilimpa ya kushoto, naye kaisoma kwa usahihi, kajibu kwa usahihi, kumi na mbili kwa kumi na mbili, halafu mimi, mimi huyu, nikamwinulisha mikono kama mwizi.

Thelathini na sita jumlisha arobaini na nne ni themanini. Nimeuliza: darasani hakuna aliyefika themanini.

21 Mei

Dada kaniambia nifikiri vizuri kabla ya kupeleka barua. "Mkataba wako anausaini yuleyule mkuu. Utamwaga unga." Nikamwambia najua. "Basi mwambie kwanza huyo binti." Nikasema nitamwambia nikiwa na habari njema mkononi. Ukweli ni kwamba nilimwogopa.

22 Mei

Nimepeleka barua kwa mkuu wa kitivo. Kurasa mbili, nimeeleza yote, nimeomba sehemu ya pili isahihishwe upya kwa kufuata picha alizopewa mtahiniwa.

26 Mei

Kikao. Mkuu wa kitivo, Bwana Kesho, karani wa kuandika, na mimi kwenye kiti cha mbali.

Mkuu kaisoma barua yangu kwa sauti, polepole, akavua miwani. "Kwa hiyo unakiri."

"Nakiri, mkuu. Kosa ni langu, siyo lake. Msahihishe upya."

"Alipewa picha, akazijibu," akasema Bwana Kesho. "Majibu hayalingani na mwongozo wa kusahihishia. Tukianza kusahihisha kwa huruma tutaishia wapi?"

"Huruma ya nini? Kakosa kumi na mbili kati ya kumi na mbili, na majibu ni mawili tu! Wewe ni mwanasayansi, hilo halikukushtua?"

"Mama, teremsha sauti," akasema mkuu.

"Na wewe uliniambia molekuli haina kushoto wala kulia."

"Nilikuwa nazungumzia zile za mwanzo. Angeuliza tena." Akamgeukia mkuu. "Huyu ni fundi, mkuu, si mkemia. Simlaumu."

Hanilaumu! Nilitaka kurusha kiti.

Mkuu akakohoa, akaanza ile sauti yake ya mahafali. Yeye haoni ubaya wa mtu. Anaona kwamba mazingira hayako tayari. Ikiwa hata fundi wa kitengo, mwenye uzoefu wa miaka ishirini na sita, amekiri kwa maandishi kwamba picha haziaminiki, basi itakuwa si haki kuendelea kupokea wasioona kwenye masomo ya sayansi. Usajili wao usimamishwe mpaka apatikane mtaalamu. Alama zibaki, kwa kuwa zimekwisha kutiwa sahihi. Binti ahamishiwe historia na fasihi, kwa manufaa yake. Karani anaandika tu, kalamu haipumui.

Kisha mkuu akasimama akanipa mkono. "Barua yako imetusaidia sana," akasema. "Na lile daftari, lilete Ijumaa. Ripoti inakwenda kwa makamu mkuu, tuambatishe saa ulizotumia."

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi. Nilikwenda kumfungulia mlango mmoja, nikawafungia wote watakaokuja nyuma yake. Bwana Kesho alinipita akanitakia mchana mwema.

27 Mei

Wahudumu wamerudisha viti vingine kumi stoo.

28 Mei

Nimemwita Binti, nimemweleza yote. Kioo cha dirisha, mlango wa Bwana Kesho, kigurudumu, barua, kikao. Sikujitetea. Alinisikiliza amekaa wima, mikono juu ya fimbo.

"Ulianza kwao," akasema.

"Nilianza kwao."

"Wakajua kabla yangu kwamba nilikuwa sahihi."

Nikamwambia nisamehe mwanangu. Akaomba nakala ya akiba ya mtihani. Nikampa. Akaipindua ule upande wangu, wenye mashimo, akaingiza ncha za vidole kwenye mistari. Nikamwambia mashimo hayasomeki vizuri. "Sisi tunaandika kwa upande huu, mama. Herufi za mgongoni nazijua. Shika mwongozo."

Nikashika mwongozo wa majibu wa Bwana Kesho, nakala niliyopewa kikaoni. Akaanza. Ya kwanza, kushoto. Ya pili, kushoto. Ya tatu, kulia. Alikwenda polepole, kila tawi kalipitia, na mimi nafuata kwa kalamu, macho yananitiririka, mpaka ya kumi na mbili. Hakukosea hata moja. Naandika hapa kwa kuwa fomu ya alama imefungwa: kumi na mbili kwa kumi na mbili.

Hakufurahi. Alikunja karatasi akaitia mkobani mwake.

"Nilikwambia ni kila mara," akasema.

"Uliniambia."

"Ukasema ni ubishi. Siku ile ya mikono, uliiandika kwenye daftari lako?"

"Niliiandika."

"Nisomee."

Nikamsomea, yote. Na ile ya tarehe kumi na sita nikamsomea, ile ya roho yangu nzuri. Sauti yangu ilipofika hapo Binti aligeuza uso ukutani.

Kisha akauliza ripoti ile inasomwa na nani. Nikamwambia makamu mkuu wa chuo. Na daftari linaambatishwa? Nikamwambia ndiyo, wanataka saa nilizotumia. Akauliza kama mle ndani kuna yale maneno ya molekuli haina kushoto wala kulia, na tarehe yake. Yamo. Na kila siku nilipoomba sanduku la vipira? Imo. Na "Bwana Kesho"? Nikamwambia limo na hilo jina, mwanangu, na mengine mabaya zaidi, niliandika kama mtu anayejiandikia. Nitayanakili tu ya maana kwenye karatasi safi.

"Usinakili kitu," akasema. "Ukinakili watasema umetunga. Rufaa naandika mimi, nina siku saba. Wewe wapelekee daftari kama lilivyo. Ya kwao na ya kwako. Usichane hata ukurasa mmoja."

"Na huo wa mikono?"

"Huo kwanza kabisa."

Akaondoka, fimbo inagonga viti kimoja kimoja. Kwaheri hakuniambia.

30 Mei

Ijumaa. Dada kaniuliza kama nina hakika, nikamwambia sina. Nampelekea mkuu daftari saa nne. Nilifungua ukurasa wa tarehe kumi na nne Aprili mara tatu tangu asubuhi, na wembe wa maabara uko hapa mezani. Kurasa zimo zote. Nimezihesabu.